Moshi wa Machi, Ua la Julai

Julai, pwani yetu ikipungwa na upepo wa kipupwe, Cape Town inanyeshewa. Huko kusini-magharibi mwa Afrika Kusini mvua huja pamoja na baridi, na kiangazi ni kikavu. Ndiyo maana vichaka vya asili vya eneo hilo, fynbos, vina mimea mingi inayochanua wakati bustani nyingine zimenywea. Nilikwenda kuviona, lakini kilichonishika zaidi ni mikono ya mzee mmoja mwenye kitalu kidogo chini ya Table Mountain. Kazi yake niliiona kwanza mwezi Machi, mchana ukiwa bado na joto na usiku umeanza kupoa.

Alianza na protea, mmoja wa mimea hiyo. Vichwa vya maua ya msimu uliopita, vikavu na vigumu, alikuwa ameviacha juani mpaka vikafunguka. Porini vichwa hivyo hungoja moto. Ndani mna mbegu zenye manyoya ya kahawia, mithili ya brashi. Aliziokota mojamoja, akaibinya kila moja kati ya kidole gumba na cha shahada. Iliyo tupu hubonyea, iliyojaa humkatalia. Asubuhi ile alizotupa zilikuwa nyingi kuliko alizobakiza, naye hakuharakisha hata moja.

Akajaza trei kwa mchanga wa chenga uliochanganywa na magome ya miti yaliyooza. Samadi haikusogea hapo. Mizizi ya protea imezoea udongo maskini, inajua kuitafuta fosforasi mpaka chembe ya mwisho, na ukiishibisha unaiua. Mbegu alizifunika kwa mchanga mwembamba tu, kisha trei akaiweka wazi, usiku uiguse. Tofauti ya joto la mchana na baridi ya usiku ndiyo inayoziamsha.

Erika, mmea mwingine wa fynbos, ina masharti mengine. Mbegu zake ni kama vumbi la tumbaku. Alizichanganya na mchanga mkavu katika bakuli, akanyunyiza kwa vidole vitatu, mkono ukienda na kurudi juu ya trei kwa mwendo uleule, kama mpishi anayetia chumvi asiyetaka kuirudia. Hakumwagilia kwa juu. Aliiweka trei ndani ya beseni la maji, akasubiri unyevu upande wenyewe mpaka mchanga wa juu ukabadilika rangi.

Kisha moshi. Alikuwa na pipa, bomba na hema dogo la plastiki. Ndani ya pipa aliwasha majani makavu ya fynbos, akayafunika kwa mabichi ili yafuke bila kuwaka. Moshi ukapita bombani ukipoa, ukajaa hemani na kutulia juu ya trei. Mwaka 1990 watafiti de Lange na Boucher walionyesha kuwa moshi peke yake, bila joto la moto, unaweza kuamsha mbegu ya mmea mmoja wa fynbos, Audouinia capitata. Kitaluni maarifa hayo yamekuwa kazi ya mikono: mzee alikaa kwenye kigoda zaidi ya saa nzima, akiongeza jani bichi kila ulimi wa moto ulipochungulia.

Nilirudi Julai. Miche ya erika ilikuwa bado midogo kuliko punje ya mchele. Protea anayoipanda leo itachukua miaka minne au mitano kutoa ua. Lakini ile aliyoipanda zamani, kando ya ukuta, ilikuwa imefunguka: vikombe vya waridi na malai, vinanata ukivigusa, vimejaa maji matamu. Ndege mwenye mkia mrefu kupita mwili wake alitua, akazamisha mdomo uliopinda, akatoka na chavua usoni.

Mzee alingoja aruke. Ndipo akachukua mkasi, akashuka na macho kutoka kwenye kichwa kikavu cha mwaka jana mpaka penye majani mabichi, akaacha kipande chenye majani chini ya mkato, kwa kuwa tawi lililo tupu halichipui tena. Akakata mara moja. Kile kichwa akakitia kwenye mfuko wa kaki, akaandika mwezi juu yake kwa penseli.