Siku 30 hazitoshi Maniema

Uamuzi wa kuzinyamazisha nyimbo zilizopakuliwa kwa sababu simu haikuonekana mtandaoni kwa siku 30 ni uamuzi mbovu, na leo nitauchambua kwa kirefu kwa kuwa wengi tumeshauzoea. Kanuni ya Spotify mnaijua: anayelipia anapakua miziki na kuisikiliza bila intaneti, ila sharti simu iunganishwe angalau mara moja kila siku 30. Muda huo ukipita, nyimbo hazipigi tena mpaka urudi mtandaoni. Programu nyingine zina hesabu zao, lakini fikra ni ileile.

Aliyeipanga namba hiyo alikuwa na mji mwingine kichwani. Stockholm, kampuni ilikozaliwa, mtu hawezi kukaa siku 30 nje ya mtandao hata akitaka. Huku kwetu Maniema, mashariki mwa Kongo, kijana anatoka Kindu kwa pikipiki kwenda machimbo ya kasiterite upande wa Kalima, au ya dhahabu upande wa Punia, na anakaa huko miezi miwili, mitatu. Mwingine anashuka Lualaba kwa chombo cha mizigo mpaka Ubundu, zaidi ya kilomita 300 za maji, akisimama kijiji kwa kijiji kuuza na kununua. Mwingine yuko njiani na treni ya shirika la reli, SNCC, na wote tuliowahi kuingoja kutoka Lubumbashi tunajua kwamba tarehe ya kufika haiandikwi popote. Hata aliyebaki mjini, Kasuku, Mikelenge au ng'ambo Alunguli, anaweza kuuona mnara kwa macho na asiwe na mega, kwa sababu franka za wiki zimeishia kwenye muhogo na karo ya mtoto.

Tutazame ufundi. Wimbo uliopakuliwa kwa namna hii unafika simuni ukiwa umesimbwa. Peke yake ni rundo la namba lisilo na sauti. Ufunguo wa kuusimbua unakuja kando, pamoja na leseni, na leseni ina mwisho wake. Kila mara simu inapoigusa seva, mwisho huo unasogezwa mbele. Isipoigusa, programu inakataa kufungua. Simu haijaharibika, pesa haijarudishwa, msikilizaji hajavunja sharti lolote alilolielewa siku ya kulipa. Kilichopungua ni ruhusa, na ruhusa iko kilomita maelfu kutoka alipo.

Ufundi siulaumu. Usimbaji wenyewe umefanywa vizuri, na mbano wa sauti pia: kwa kilobiti 96 kwa sekunde wimbo wa dakika tano haufiki megabaiti nne, na gitaa la sebene bado linasikika.

Sasa turudi kwenye namba 30. Sababu ambayo Spotify yenyewe inaitoa ni kukusanya hesabu za usikilizaji ili wasanii walipwe. Kukusanya hesabu nakubali kabisa. Adhabu iliyofungwa nayo siikubali. Simu inaweza kuandika ndani yake kwamba wimbo fulani umepigwa tarehe fulani, ikaitunza orodha hiyo miezi sita, kisha ikaituma siku mnara utakapoonekana. Orodha ya nyimbo zilizopigwa mara elfu kumi inaingia kwenye nafasi ndogo kuliko wimbo mmoja. Msanii atapata hesabu yake kwa kuchelewa, lakini ataipata. Programu ikinyamaza siku ya 31, hakuna cha kuhesabu tena: mwezi wa pili machimboni ni sufuri, wa tatu ni sufuri. Kanuni iliyowekwa kwa jina la msanii ndiyo inayozizima hesabu zake.

Watetezi wana hoja ya pili: usajili ni wa mwezi, basi leseni nayo iwe ya mwezi. Ingekuwa na uzito kama kufuli lingekuwa linamtazama asiyelipa. Halimtazami. Aliyeacha kulipa, na aliyelipa miezi mitatu mbele kisha akaenda mahali pasipo mnara huko Kabambare, wanahukumiwa sawasawa. Siku ya mwisho simu ilipounganishwa, seva ilijua kwamba mtu huyu amelipa hadi lini. Ingeweza kuiandika tarehe hiyo kwenye leseni na kumwacha mtu aende zake. Ikachaguliwa namba moja kwa dunia nzima. Ni sawa na muuza mchele kukufuata nyumbani kila mwisho wa mwezi kuhakiki kwamba ulimlipa, asikukute, akamwaga gunia.

Na njia za katikati zilikuwepo. Programu ingeweza kuzuia upakuaji mpya na kuziacha za zamani zipige. Ingeweza kukuonya wiki mbili kabla, kukuongezea muda mara moja kwa kubonyeza kitufe, au kukubali ujumbe mfupi wa simu mahali ambapo intaneti haifiki lakini ujumbe unapita. Hakuna hata moja inayohitaji ugunduzi. Zinahitaji mtu mmoja kwenye kikao aulize: msikilizaji asiye na mtandao anaishi vipi?

Tasnia hii ilishapewa somo, na mimi sijalisahau. Mwaka 2005 Sony BMG iliweka kwenye CD zake programu ya XCP, kazi ya kampuni ya Uingereza iitwayo First 4 Internet. Ukiingiza diski kwenye kompyuta ya Windows, XCP ilijipenyeza na kujificha, na ikaficha kila faili ambalo jina lake lilianza na alama $sys$. Waandishi wa virusi wakaona pango la bure, wakaingia. Mtaalamu wa kompyuta Mark Russinovich aliifichua tarehe 31 Oktoba 2005. Programu ya kuiondoa ikatolewa, nayo Ed Felten na Alex Halderman wa Princeton wakaonyesha kwamba inafungua tundu kubwa zaidi. Albamu 52 zilihusika, na diski zaidi ya milioni mbili zilikuwa zimeshauzwa kabla ya kampuni kuamua kuzirudisha. Walioumia wote walikuwa wamenunua diski halali. Aliyepata MP3 ya mtaani hakuguswa.

Miaka mitatu baadaye, Microsoft ikatangaza kwamba itazima seva za funguo za duka lake la MSN Music. Ilibidi kelele zipigwe ndipo ikaahidi kuziacha hadi mwisho wa 2011. Duka la Yahoo! lilifungwa Septemba 2008. Watu walikuwa wamenunua, wamelipa, na bado walikuwa wanangoja huruma ya seva. Steve Jobs alikuwa ameshaandika waraka wake Februari 2007 akitaka makufuli yaondolewe, EMI ikakubali Aprili, na Januari 2009 Apple ikatangaza kwamba nyimbo za iTunes zitauzwa bila kufuli. Tulidhani vita vimekwisha. Kisha kukodisha kukachukua nafasi ya kununua, na kufuli likarudi, safari hii likiwa na kalenda ndani yake.

Sasa narudi nyuma zaidi, enzi ambazo muziki haukuwa na kufuli, na ninarudi huko kwa makusudi. Lou Ottens na wenzake wa Philips walipoileta kaseti mwaka 1963, walitengeneza kitu ambacho mtu wa Maniema angeweza kukirekebisha kwa kalamu. Philips ikaviruhusu viwanda vingine kuitengeneza bila kudai malipo ya leseni. Kampuni hiyohiyo, studio zilipoanza kutoa diski zenye makufuli miaka ya 2000, ilisema wazi kwamba hizo hazifuati viwango vya CD na hazistahili kubeba nembo yake. Huo ulikuwa uhandisi wenye msimamo, na leo siuoni.

Kabla ya kaseti kulikuwa na sahani za Ngoma, lebo aliyoianzisha Nicolas Jeronimidis Léopoldville mwaka 1948, ile iliyomtoa mwimbaji Wendo na wimbo wake Marie-Louise. Gramafoni ya kuzungusha kwa mkono haikuhitaji hata umeme. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco kule Jadotville, Likasi ya leo, na sahani zake zikawafundisha wapiga gitaa wa Afrika Mashariki ambao hawakuwahi kumwona: waliurudia mstari mmoja mpaka vidole vikaujua. Kijana wa Kindu anayetaka kujifunza solo ya Franco leo angeweza kuipunguza kasi kwa programu ndogo ya bure na kuirudia mara mia. Faili lililofungwa haliingii kwenye programu hiyo. Kwangu hasara hiyo ni kubwa kuliko ya pesa, maana kunakili kwa masikio ndiyo shule iliyotuzalia rumba.

Wizi upo. Kaseti zilinakiliwa ovyo na wanamuziki wa Zaire waliumia sana, sitalifunika hilo. Ila tiba yake iko kwenye malipo, na hapo nina kinyongo cha siku nyingi. Tulikuwa na shirika la haki za watunzi, SONECA, tangu 1969, tukapata sheria ya hakimiliki namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986, SONECA ikaipisha SOCODA mwaka 2011. Vyombo vipo, sheria ipo. Ujerumani ilianza mwaka 1965 kutoza kiasi kidogo kwenye vinasa sauti ili fedha ziende kwa watunzi, na huko Burkina Faso shirika la BBDA hukusanya ada kwenye vifaa vya kunakilia na kuwagawia wasanii. Flashi na memori kadi zinaingia Kindu kwa katoni. Ada ndogo inayotozwa mpakani ingewafikia watunzi zaidi ya kufuli lolote, mradi SOCODA iwagawie na majina yatangazwe.

Tazama matokeo yalivyo mtaani. Kijana mwenye kompyuta na paneli ya jua anakujazia memori kadi nyimbo mia kadhaa. Ni MP3, zinapiga kwenye redio ndogo yenye tundu la USB, kwenye spika ya pikipiki, kwenye simu ya vitufe ya mama sokoni, leo na miaka kumi ijayo. Aliyelipia usajili ana wimbo usiotoka nje ya simu moja, usioingia redioni, usiopitishwa kwa jirani kwa Bluetooth, na unaonyamaza akikaa sana porini. Mtunzi hapati kitu kutoka kwa kijana yule, na hilo linaniuma. Lakini aliyechagua kulipa ndiye anayekabidhiwa bidhaa dhaifu, kisha tunashangaa kwa nini wateja wa kulipa ni wachache.

Kwa wanamuziki wa Maniema mnaoanza kupeleka nyimbo zenu kwenye majukwaa haya: pelekeni, ila uzeni pia MP3 isiyo na kufuli, ninyi wenyewe, kwa M-Pesa au Airtel Money, na kubalianeni na vijana wa memori kadi wauze kwa niaba yenu na wachukue fungu lao. Wana wateja ambao jukwaa lolote la Ulaya halitawafikia. Mnapoletewa mkataba wa usambazaji, someni kama unawakataza kuuza faili lenu wenyewe, na kama unawakataza msiusaini.

Na kwa Spotify: leseni ifuate tarehe ya malipo, hesabu za usikilizaji zitunzwe simuni hadi mtandao urudi, na 30 ibadilishwe iwe 180.