Chapwa, Kakasi na Kukolea: Uhakiki wa Chai za Viungo Rebero

Uhakiki si kazi ya vitabu peke yake. Mtu anayeonja kitu, akakilinganisha na kingine, kisha akatoa hukumu pamoja na sababu zake, amekwisha kuingia katika kazi ya uhakiki, ijapokuwa mbele yake pana vikombe badala ya diwani za mashairi. Katika makala haya tumekusudia kuhakiki chai za viungo zilizopikwa na kuonjwa nyumbani, huko Rebero, jijini Kigali. Nia yetu ni mbili. Kwanza, kusema ni ipi katika chai hizo inayostahili sifa, na kwa nini. Pili, kuonyesha kwamba msamiati wa kuihukumu chai umo katika Kiswahili tangu zamani, na kwamba sisi walimu ndio tunaouacha ulale.

Haja ya jambo hili si ndogo. Mwambie mwanafunzi aeleze ladha ya kinywaji chochote, naye atasema ni "tamu" au "si tamu", kisha atanyamaza. Neno hilo limebebeshwa mzigo mzito: sukari ni tamu, nyama iliyoiva vizuri ni tamu, hadithi ni tamu, hata usingizi ni mtamu. Neno lenye kazi nyingi kiasi hicho haliwezi kupambanua. Hapa Rwanda, Kiswahili kilipewa hadhi ya lugha rasmi mwaka 2017, kikaungana na Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Walakini wako wanafunzi wanaokiona kuwa lugha ya sokoni na njiani tu, isiyofaa kwa mambo yanayotaka upambanuzi. Wakimkuta mwalimu mwenyewe hana la kusema ila "tamu sana", tutawalaumu kwa lipi?

Mahali na kipimo

Rebero ni kilima kilichoko kusini mwa jiji, katika wilaya ya Kicukiro, nacho kimeinuka juu ya mitaa inayokizunguka. Kuinuka huko kuna uzito kwa mpika chai. Kigali yenyewe iko zaidi ya meta 1,500 juu ya usawa wa bahari, na Rebero iko juu zaidi. Kadiri mtu apandavyo, ndivyo mgandamizo wa hewa upunguavyo, na ndivyo maji yachemkavyo kabla ya kufika nyuzi 100 za Selsiasi. Juu ya kilima hiki maji huchemka yanapofika nyuzi 94 au 95 hivi. Basi mapishi ya Mombasa au Unguja, ambako maji hufika nyuzi 100, hayawezi kuigwa hapa bila ya kurekebishwa. Jani hutoa nguvu yake polepole zaidi, na kiungo kigumu kama mdalasini hudai muda mrefu zaidi motoni.

Kuhusu kipimo, tulifuata kanuni iliyotolewa na Shirika la Kimataifa la Usanifishaji mwaka 1980: gramu 2 za majani kwa kila mililita 100 za maji yanayochemka, na dakika 6 za kungoja. Nyumbani, kijiko cha chai kisichofurika hubeba gramu 2 hivi. Kanuni kama hiyo ya Waingereza ilichekwa hadharani, hata ikapewa tuzo ya mzaha ya Ig Nobel mwaka 1999. Wanaocheka wana haki yao, ila yafaa waelewe kusudi lake. Kanuni haidai kwamba hiyo ndiyo chai ya kupendeza kuliko zote. Yadai tu kwamba vikombe vikiandaliwa sawasawa, tofauti itakayoonekana ni ya chai wala si ya mpishi. Kila chai ilionjwa kwanza bila ya sukari, kinywa kikasukutuliwa kwa maji kati ya kikombe na kikombe.

Maneno ya kuonjea

Kabla ya kuvifikia vikombe, hatuna budi kukubaliana juu ya maneno. Chai iliyokosa nguvu, ambayo haina tofauti kubwa na maji ya moto, ni chai chapwa. Chai ambayo jani au kiungo kimeenea ndani yake kwa kadiri inayotosha, hiyo imekolea. Chai inayokaza ulimi na ufizi, kama mtu aliyeuma ndizi mbichi, ina ukakasi. Chai inayopendeza kwa mafunda mawili ya kwanza, kisha ikamfanya mnywaji aisukume mbali, hiyo hukinaisha. Na ile harufu njema inayotangulia kufika puani kabla ya kikombe kugusa mdomo, watu wa pwani huiita riha.

Neno linalodai uangalifu mkubwa zaidi ni ukakasi, kwani wanafunzi wengi hulichanganya na uchungu. Uchungu ni ladha, ambayo ulimi huitambua kama utambuavyo chumvi. Ukakasi ni mguso: tanini zilizomo katika jani hushikana na protini za mate, na kinywa kikapoteza utelezi wake. Ndiyo maana maziwa hupunguza ukakasi wa chai, kwa sababu protini za maziwa huzikamata tanini hizo kabla hazijayafikia mate. Mwanafunzi aliyekwisha kulielewa jambo hili hatasema tena kwamba chai kali ni "chungu" tu. Atajiuliza ni uchungu au ni ukakasi, na kwa kujiuliza hivyo atakuwa amekwisha kuhakiki.

Vikombe sita

Kikombe cha kwanza kilikuwa chai ya rangi isiyotiwa kiungo chochote, iliyotoka katika milima ya magharibi ya Rwanda. Chai ilianza kulimwa nchini mwaka 1952, na mashamba ya milimani yako kati ya meta 1,900 na 2,500, mahali penye baridi ambapo mchai hukua polepole. Rangi ya chai hii ilikuwa nyekundu yenye mng'aro. Ukakasi wake ulikuwa wa wazi lakini haukudumu, na baada ya kumeza ilibaki kinywani ladha safi. Hiki ndicho kikombe tulichovipimia vingine vyote.

Cha pili kilitiwa tangawizi mbichi iliyopondwa. Neno tangawizi limeingia hata katika Kinyarwanda, na katika vibanda vya Nyamirambo, mtaa ambao Kiswahili kimezungumzwa kwa miaka mingi, chai ya tangawizi pamoja na chapati au mandazi ni chakula cha asubuhi cha watu wengi. Kikombe hiki kilikuwa bora kuliko vyote vya viungo. Tangawizi iliwasha koo bila ya kuuchoma ulimi, riha yake ilikuwa karibu na ya limau, na jani lilisikika chini yake mpaka mwisho.

Cha tatu kilitoka katika paketi ya dukani yenye majani yaliyochanganywa na unga wa tangawizi kavu. Hapa ukali ulizidi na riha ikapungua. Sababu inajulikana: tangawizi mbichi ina jinjeroli, na tangawizi inapokaushwa sehemu ya jinjeroli hugeuka kuwa shogaoli, iliyo kali zaidi ulimini. Chai hii haikuwa mbaya, ila ilisema neno moja tu kwa sauti kubwa. Ilipotiwa maziwa ilitulia na kupendeza. Chai ya tangawizi na maziwa, ambayo mikahawa ya Kigali huiita kwa jina la kigeni lenye maana ya chai ya Kiafrika, ndipo mahali hasa panapofaa tangawizi kavu.

Cha nne kilitiwa mchaichai. Mmea huu si wa ukoo wa mchai. Ni jani la jamii ya nyasi, lenye sitrali, ambayo imo pia katika ganda la limau. Riha ilikuwa nzuri kuliko ya vikombe vyote. Hata hivyo mchaichai ni mpole, na ulipowekwa pamoja na majani yaliyokolea ulimezwa kabisa. Tulipopunguza majani nusu, mapatano yalipatikana. Hukumu yetu ni kwamba mchaichai hautaki chai nzito.

Cha tano kilipikwa kwa namna ya pwani: iliki, mdalasini na karafuu, vyote vikichemshwa pamoja na majani katika sufuria kwa dakika 10. Iliki na mdalasini vilikolea vizuri. Karafuu ilikuwa na kasoro, kwa maana tulitumia tano katika vikombe vinne, na mafuta ya karafuu ndiyo yaleyale ambayo madaktari wa meno huyatumia kutuliza maumivu. Hutia ganzi, na ulimi uliotiwa ganzi hauwezi kuonja kitu kingine. Mbili zingalitosha.

Cha sita kilitoka katika paketi iliyoandikwa kwamba ina ladha ya vanila. Hatutaji jina la mtengenezaji, kwa kuwa kasoro hii si ya mmoja. Paketi ilipofunguliwa chumba kizima kilinukia. Kinywani hapakuwa na kitu: chai ilikuwa chapwa, rangi yake nyeusi isiyo na mng'aro, na riha ileile iliyopendeza mwanzoni ilikinaisha kabla ya nusu ya kikombe. Wahenga walisema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Manukato ya vanila yalikuwa ndiyo miguu ya kutembezea jani duni.

Pingamizi moja

Huenda msomaji akasema kwamba tumeipendelea chai kavu, tukaviona viungo kuwa ni vifuniko vya kuficha kasoro. La hasha. Wachina huilaza chai pamoja na maua mabichi ya asumini ili jani livute harufu yake, na kazi hiyo hurudiwa zaidi ya mara moja. Hakuna mwenye akili awezaye kuiita hila. Na katika chai ya maziwa ya pwani jani si bwana wa kikombe hata kidogo, bali ni mmoja wa wanne au watano. Kila kinywaji kina kusudi lake, nacho hapana budi kihukumiwe kwa kusudi hilo, kama vile tusivyoilaumu riwaya kwa kukosa vina. Chai ya sufuria yenye iliki haijatuahidi jani. Imetuahidi mchanganyiko, na kosa lake ni pale kiungo kimoja kinapowanyima wenzake nafasi. Lakini paketi ya cha sita ilituahidi chai na vanila. Chai haikuwamo, na vanila ilikoma puani.

Hapa ndipo penye jambo kubwa kuliko kikombe. Jani zuri huchumwa kwa mkono, majani mawili na chipukizi lake, na mchumaji huyaacha yale yaliyokomaa. Mnywaji asiyeweza kupambanua jani zuri na duni lililopakwa manukato atalipa bei ileile kwa yote mawili, na uangalifu wa mchumaji huyo utakuwa umepotea bure.

Fauka ya hayo, sehemu kubwa ya chai ya Rwanda huuzwa nje, na nyingi hupitia katika mnada wa Mombasa. Huko waonjaji stadi huvuta funda, huzungusha kinywani, hutema, kisha hutamka hukumu inayosaidia kuamua bei. Mombasa ni mji wa Waswahili, nao una fasihi ya karne nyingi. Hata hivyo hukumu hizo hutolewa kwa istilahi za Kiingereza. Jani limekuzwa na Mnyarwanda, likasafirishwa na madereva wazungumzao Kiswahili, likafika katika mji wa Kiswahili, na bado sifa zake hazitajwi kwa lugha hiyo. Sababu si kwamba lugha haina maneno. Tumekwisha kuyaona: kukolea, chapwa, ukakasi, riha, kukinaisha. Yote yamo katika kamusi, na mengi yamo vinywani mwa akina mama wanaopika. Yanachokosa ni kutumiwa mahali penye kupima na kuamua.

Kwa walimu wenzetu

Tunapendekeza zoezi lifuatalo kwa madarasa ya sekondari na ya watu wazima. Mwalimu aandae vikombe vitatu kwa kipimo kimoja: cha kwanza kitupu, cha pili chenye tangawizi, cha tatu chenye mchaichai. Kila mwanafunzi aandike sentensi tano juu ya kila kikombe, na neno tamu lipigwe marufuku kwa saa hiyo. Kila hukumu ifuatwe na sababu inayoanza na "kwa kuwa" au "kwa maana". Kisha wasomeane, na wasiokubaliana warudie kuonja kabla ya kubishana. Walio karibu na bahari wakumbuke kwamba maji yao huchemka kwa joto kubwa zaidi, hivyo wapunguze muda kidogo.

Faida ya zoezi hili haitaishia katika chai. Mwanafunzi aliyezoea kusema chai hii ni chapwa kwa sababu fulani, hatashindwa kusema siku nyingine kwamba shairi fulani ni chapwa, lina riha ya maneno makubwa lakini halina jani ndani yake, tena atathubutu kuonyesha ni ubeti upi. Uwezo huo ndio tunaoutafuta tunapofundisha uhakiki, na vifaa vya kuanzia ni birika, kijiko na maji ya moto.