Tithi si Tarehe: Kuhusu Tafsiri za Kalenda ya Kihindu

Katika nyumba na maduka ya Wahindu wa Mwanza, ambao wengi wao asili yao ni Gujarat, hutumika kalenda iitwayo panchangi, maana yake "viungo vitano". Viungo hivyo ni tithi, siku ya juma, nakshatra (kituo cha mwezi katika nyota), yoga na karana (nusu ya tithi). Humo pia mna chogadia, yaani nyakati za heri na za nuhusi za kila siku. Anayetakiwa kuieleza kwa Kiswahili huelekea kuandika "tarehe" penye tithi na "saa" penye chogadia. Tafsiri hizo ni nyepesi, nazo zapotosha.

Tarehe hubadilika saa sita za usiku, kila baada ya saa 24. Tithi ni muda ambao mwezi hulitangulia jua kwa nyuzi 12. Hivyo toka mwezi mchanga hadi mwingine mna tithi 30. Kwa kuwa mwendo wa mwezi haulingani nyakati zote, tithi yaweza kuwa ya saa 19 hivi au ikafika 26, ikaisha adhuhuri au usiku wa manane. Siku hupewa tithi iliyopo jua linapochomoza. Kwa hiyo tithi moja yaweza kurukwa na nyingine kurudiwa. Wala "mwezi mwandamo" haufai, kwani siku ya mwandamo huanza jua likitua.

Kosa la pili ni la hesabu. Saa za India zimetangulia zetu kwa saa mbili na nusu. Mwisho wa tithi ni tukio moja duniani kote, hivyo kutoa saa mbili na nusu kwatosha. Chogadia sivyo: hiyo ni sehemu ya nane ya mchana, au ya usiku, wa mahali penyewe. Majira ya Diwali, jua la Ahmedabad huchomoza yapata saa 12:40 asubuhi. Mfasiri akitoa saa mbili na nusu, mchana wa Mwanza utaanza saa 10:10 alfajiri, ilhali jua la huku huchomoza karibu saa 12:30. Mfanyabiashara anayengojea chogadia ya labh, yaani faida, ili afungue vitabu vipya vya hesabu, atakuwa amepewa wakati usio wake.

Twapendekeza neno "tithi" libaki lilivyo. Kuliandika "titi" ili kukaribia matamshi ya asili hakufai, kwa sababu iliyo dhahiri. Chogadia na ielezwe kuwa "fungu la mchana" au "fungu la usiku". Mwanza, palipo karibu na Ikweta, fungu la mchana ni kama saa moja na nusu mwaka mzima. Gujarat hupungua hadi dakika 80 na kuzidi 100. Hivyo kila tafsiri haina budi kutaja mji ambao hesabu yake ilifanyiwa.