Mkazo wa Furaha: Juu ya Wimbo «Mfurahini, Haleluya»

Wafasiri wa Biblia ya Union Version, iliyotoka nzima mwaka 1952, walipofika Zaburi ya 33 walitumia neno ambalo ibadani lilisomwa zaidi kuliko lilivyotendwa: vigelegele. Kitenzi cha Kiebrania kilichokuwa mbele yao chahusu kupaza sauti kwa furaha. Nao wakachagua sauti ambayo kila msemaji wa Kiswahili anajua mahali pake, yaani arusini, mlangoni pa mzazi aliyejifungua salama, na njiani anapopokewa msafiri. Ni sauti ya wanawake, haina maneno, wala haipangiwi zamu. Chaguo hilo liliiheshimu lugha. Walakini msomaji alipofunga Biblia na kufungua kitabu cha nyimbo, alikuta furaha yenye mwendo mwingine kabisa.

Ubishi juu ya furaha ibadani umezoea kuwa ubishi juu ya ngoma na makofi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1963 juu ya liturujia, ulitaka muziki wa asili wa mataifa upewe heshima yake. Na mwaka huo huo Padre Stephen Mbunga alitoa kitabu chake juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Hayo yote ni mema. Lakini ngoma peke yake haiifungui lugha. Missa Luba, iliyoimbwa kwanza Kamina, Kongo, mwaka 1958, ilishangilia kwa ngoma na sauti za Kikongo, hali maneno yake ni ya Kilatini. Swali la mwanaisimu ni jingine: je, neno lenyewe la Kiswahili limeachwa litembee kwa miguu yake?

Mkazo wa Kiswahili hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa katika maneno machache ya kigeni. Mahadhi mengi ya Kijerumani na ya Kiingereza, kwa kuwa yalishonwa kwa lugha zenye maneno mengi ya silabi moja, huanza kwa noti nyepesi na kumaliza mstari kwa noti nzito. Mfasiri akiyajaza kwa Kiswahili, noti ile nzito ya mwisho huangukia silabi dhaifu. Hapo «Bwana» huwa «bwaNA», na «Mungu» huwa «muNGU». Neno «furaha», likitiwa katika noti tatu ambazo ya kwanza na ya tatu ni nzito, hutoka «FUraHA». Silabi inayolibeba hupita kama mgeni asiyekaribishwa. Waumini huzoea, kama mtu azoeavyo kiatu cha mwenziwe. Ila furaha inayotamkwa kwa mkazo wa kuazima hutamkwa kwa uangalifu, na uangalifu si shangwe.

Mwaka 1966 Bernard Kyamanywa, aliyekuwa mwanafunzi katika Chuo cha Theolojia cha Kilutheri Makumira, aliandika wimbo wa Pasaka uitwao «Mfurahini, Haleluya», wenye mahadhi ya nchini Tanzania. Beti zake husimulia kwa unyofu habari za kaburi na malaika, wala hakuna haja ya kuzisifu kupita kiasi. Nguvu i katika mwito. «Mfurahini» ina silabi tano, maana ile m ya mwanzo ni silabi kamili. «Haleluya» ina nne. Na katika yote mawili noti nzito yaiangukia silabi ya pili kutoka mwisho, -hi- na -lu-. Mwimbaji hana la kurekebisha. Anasema, na kumbe anaimba.

Mwalimu wa sarufi atauliza juu ya ile m. Amri ya wengi ni «furahini». Yamkini m hiyo ni ya mtendewa, kwa mfano wa «msifuni» na «mwimbieni»; lakini «furahi» haipokei mtendewa bila kunyambuliwa, na ingepasa kuwa «mfurahieni». Ni afadhali kuisoma kuwa ni ya watendaji: «mfurahi», hali ile ya «mje» na «mseme», iliyoongezwa -ni ya kuwaita wengi, kama ilivyoongezwa katika «twendeni». -Ni hiyo hiyo imo katika jina la mkusanyo wa Howard Olson wa mwaka 1968, «Tumshangilieni Mungu». Kweli, «mfurahini» yawataja wasemeshwa mara mbili, mwanzoni na mwishoni. Kwa kitabu cha darasani hilo ni ziada. Kwa mtu anayewaita watu waje kuona kaburi tupu, kuwaita mara mbili si kosa. Na mhariri atakayesahihisha «furahini» atapoteza silabi moja, na mahadhi yatachechemea.

Ushahidi mkubwa wa jambo hili unapatikana nje ya Kiswahili. Ulrich Leupold aliufasiri wimbo huu kwa Kijerumani mwaka 1969, na Olson akaufasiri kwa Kiingereza. Safari hii waliolazimika kupima silabi ni wao. Mstari wa kwanza wa Kijerumani una silabi tano kisha nne, na vipande vyote viwili humalizika kwa silabi nyepesi. Wa Kiingereza vivyo hivyo, ingawa lugha hiyo hupenda kumaliza kwa kishindo. Wajerumani huuimba wakati wa Pasaka, namba 116 katika kitabu chao cha Kiinjili, wakifuata mkazo wa Kiswahili bila kuambiwa kwamba ni wa Kiswahili.