Mkanda wa paja na ateri iliyoingia chokaa

Mgonjwa anayesubiri kubadilishiwa goti huogopa msumeno. Ateri zake zina jambo jingine la kuogopa: mkanda wa hewa unaofungwa pajani kabla ngozi haijaguswa na kisu.

Mkanda huo hujazwa hewa, mara nyingi hadi milimita 250 au 300 za zebaki, ilhali presha ya juu ya mtu mzima mwenye afya ni kama 120. Damu husimama. Hapo daktari hukata ncha ya mfupa wa paja na uso wa juu wa muundi, hubandika vyuma kwa saruji, kisha huweka plastiki katikati. Saruji ndiyo iliyoupa mkanda heshima, kwa kuwa hupenya vizuri zaidi kwenye vitundu vya mfupa uliokauka. Friedrich von Esmarch alieleza bandeji yake ya mpira mwaka 1873, Harvey Cushing akaleta mkanda wa hewa mwaka 1904, na tangu hapo mazoea yameshika mizizi.

Msumeno nao si wa kudharauliwa. Ateri hupita nyuma tu ya kifuko cha goti, mara nyingi upande wa nje kidogo wa mstari wa kati, kwa hiyo chuma cha kukinga nyama za nyuma hakisukumwi ovyo upande huo. Hata hivyo, ateri kukatwa hutokea mara chache kuliko ateri kuziba.

Kuziba huanzia kwa mvutaji wa sigara, au mtu wa kisukari cha miaka mingi, ambaye ateri zake zimejenga chokaa ndani kama birika la maji ya kisima. Mkanda ukizibana, utando huo wa chokaa hupasuka, na damu huganda juu ya ufa. Goti lililokuwa limepinda kwa miaka likinyooshwa ghafla, ateri nayo huvutwa pamoja nalo.

Kipimo cha kliniki cha kugundua ateri za namna hiyo ni rahisi: presha ya kifundo cha mguu igawanywe kwa presha ya mkono. Chini ya 0.9, njia imekuwa nyembamba. Juu ya 1.4 wengi hufurahi, na hapo ndipo wanapokosea: ateri imekuwa ngumu kiasi kwamba mkanda wa kipimo hauibani, na namba haiaminiki tena. Ateri ya paja ikiwa ngumu vivyo hivyo, huenda isibanwe na mkanda wa paja pia. Hapo damu itaingia mguuni, vena zikiwa zimefungwa, na jeraha litavuja zaidi kuliko kama mkanda usingefungwa kabisa.

Kwa mguu wa namna hiyo, naona mkanda uachwe. Asidi ya traneksamiki hupunguza damu inayopotea, na mapitio ya Cochrane ya 2020 yalionyesha kwamba mkanda huenda ukaongeza maumivu na madhara makubwa baada ya upasuaji. Aliyewahi kupandikizwa mshipa au kuwekewa stenti pajani asifungwe bila daktari wa mishipa kuulizwa.

Ateri ikiziba, kinachochelewesha msaada ni ganzi ya mgongoni: mguu unakosa damu, mgonjwa hasikii kitu, na bandeji nene imefunika kila dalili. Kwa hiyo mapigo ya mguu yapapaswe mgonjwa akiwa bado mezani, yapapaswe tena wodini, na yalinganishwe na yale yaliyoandikwa kwenye faili kabla ya upasuaji. Yasipopatikana, daktari wa mishipa aitwe papo hapo. Misuli iliyokosa damu kwa saa 6 hivi huanza kufa.