Jiwe Halina Lawama

Safu za nyumba za Brooklyn Heights na Harlem, mjini New York, zimeshikana ubavu kwa ubavu, na nyuso zake zina rangi ya kahawia iliyoiva hadi kukaribia wekundu. Wekundu huo ni kutu ya chuma iliyokaa ndani ya jiwe la mchanga tangu enzi za dinosaria. Sehemu kubwa ya jiwe hilo ilichimbwa Portland, kando ya mto Connecticut, ikapelekwa mjini kwa vyombo vya majini katika karne ya 19. Ni jiwe laini, na ulaini huo ndio uliompa mwashi nafasi ya kuchonga majani, matunda na mikunjo ya nakshi ambayo kwa matale yangemgharimu zaidi.

Wako wanaosema ulaini huohuo ni ugonjwa, na ushahidi wanao: nyuso nyingi zimebanduka. Lakini tuangalie zilivyobanduka. Jiwe la mchanga lina matabaka, kama mikeka iliyorundikwa. Likilazwa ukutani jinsi lilivyolala ardhini, uzito wa juu huyabana. Wajenzi wengi wenye haraka ya kuuza waliyasimamisha, kwa kuwa hivyo walipata bamba pana kwa kazi kidogo; maji yakapenya, yakaganda wakati wa baridi, yakatanuka, na tabaka la nje likaachia. Kanisa la Trinity la mjini humohumo, lililokamilika mwaka 1846 kwa jiwe la jamii hiyo kutoka New Jersey, limesimama mpaka leo. Basi tulaumu haraka, si jiwe. Na anayedai kwamba bamba la inchi chache mbele ya matofali ni udanganyifu, azunguke nyuma ya nyumba: matofali yako wazi, hayakufichwa.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba ukarabati wa leo ni lipu tu. Ni kweli mara nyingi, hasa baada ya uchimbaji wa Portland kukoma mwaka 2012. Hata hivyo lipu hiyo ina ustadi wake. Fundi hukata uozo mpaka afikie jiwe zima, hulikwaruza lishike, hupaka tabaka kwa tabaka, kisha huchonga upya kingo kwa mkono. Akiweka saruji ngumu kupita jiwe, unyevu hunaswa na kazi yote hubanduka. Mwenye nyumba kama hizo asianze kwa kumwita fundi wa rangi. Amtafute mwashi anayeyajua matabaka, na amlipe vizuri.