Kikokotoo cha Mwanafunzi: Namna ya Kukipima

Programu ya kikokotoo ndiyo kazi ya kwanza anayopewa karibu kila mtu anayeanza kujifunza kuandika programu, na kwa sababu hiyo wengi huidharau. Ikishajumlisha 2 na 3 ikatoa 5, mwandishi wake anaiweka kando na kuhamia kwenye michezo ya simu. Mimi naiona kuwa kipimo cha haki kuliko vyote. Katika kikokotoo hakuna pa kujificha: jibu ni sahihi au si sahihi, na kurasa mbili tu za programu zinatosha kuonyesha kama aliyeiandika anamfikiria mtu atakayeitumia.

Hapa Dongobesh mtu huyo anafahamika. Ni mnunuzi wa vitunguu saumu anayejumlisha kilo za wakulima saba, ni mama mwenye duka anayeandika madeni ya wateja, ni kijana aliyetumwa mnadani akiwa na pesa za watu. Mizani ya mnunuzi hukaguliwa na Wakala wa Vipimo, na lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, ina sheria inayoikataza. Programu iliyo ndani ya simu ya mnunuzi huyohuyo haikaguliwi na mtu. Ndiyo maana mwalimu, mzazi au rafiki anapoonyeshwa kikokotoo cha mwanafunzi, inafaa ajue pa kutazama.

Anza kwa kuisoma kabla hujaiwasha. Hata kama hujui lugha ya Python, majina yatakwambia mengi. Penye bei, kilo, jumla na baki, unaweza kuufuata mstari kwa kidole ukaelewa kinachofanyika. Penye a, b, x1 na x2, hata aliyeiandika hataielewa baada ya mwezi. Majina ya Kiswahili si kasoro; Python inayakubali bila shida. Kisha tazama kama kazi tatu zimetenganishwa: kupokea alichoandika mtumiaji, kukokotoa, na kuonyesha jibu. Mwanafunzi akizichanganya zote mahali pamoja, atarudia mistari ileile kwa kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya, na siku akirekebisha kosa mahali pamoja atalisahau mahali pengine patatu.

Sasa iwashe. Andika 5, kisha 3, uone kama itajibu 53. Kosa hili ni la siku ya kwanza: chochote kinachoandikwa kwenye kibodi Python hukipokea kama maandishi, na maandishi mawili yakijumlishwa huunganishwa tu. Usilihesabu sana. Kila mtu hupitia hapo, na hulirekebisha siku hiyohiyo.

Jaribio linalonipa picha kamili ya mwandishi ni la koma. Watanzania tunaandika elfu moja na mia tano hivi: 1,500, na mara nyingi tunaongeza /= mwishoni. Hakuna anayetufundisha kuacha, wala hatuna sababu ya kuacha. Programu ya Python iliyoandikwa kwa njia ya kawaida, ikipewa 1,500, husimama papo hapo na kumwaga mistari ya makosa ya Kiingereza. Inaudhi, lakini angalau mtu anajua hakuna jibu. Upande wa lugha ya JavaScript kuna hatari kubwa zaidi. Wanafunzi wengi hutumia amri ya parseFloat kugeuza maandishi kuwa namba. Amri hiyo ikifika kwenye koma huacha kusoma, ikachukua ilichokwisha kupata. 1,500 inakuwa 1. Hakuna onyo, hakuna rangi nyekundu. Mnunuzi anajumlisha 1,500 na 2,500 anaonyeshwa 3, na hapo atashtuka. Lakini akijumlisha 800, 950 na 1,500, atapata 1,751 badala ya 3,250, na katika joto la mnada namba hiyo inaweza kupita.

Hapa ndipo ninapotenganisha kazi nzuri na mbaya. Kikokotoo kinachogoma kwa sauti ni bora kuliko kinachokosea kwa utulivu, na kilicho bora kuliko vyote viwili ni kile kinachoisoma 1,500/= kama sisi tunavyoiandika. Si kazi ngumu: mistari michache ya kuondoa koma, nafasi na /= kabla ya kugeuza kuwa namba. Nikiikuta mistari hiyo katika programu ya mwanafunzi wa wiki ya tatu, najua amemtazama mtu akiandika, hakuishia kwenye mfano wa kitabu.

Tazama pia maneno ya kukataa. Mtumiaji akiandika 15oo kwa herufi o badala ya sifuri, programu nzuri humrudishia kile alichoandika: “Sijaielewa 15oo. Tafadhali andika namba tena, mfano 1500.” Programu mbaya husema “Kosa!” tu, kana kwamba inagomba. Na baada ya kukataa, iendelee pale ilipoishia. Mtu aliyekwisha kuingiza mizigo sita hastahili kuanza upya kwa sababu ya mzigo wa saba.

Kugawanya kwa sifuri hujaribiwa na kila mwalimu, kwa hiyo wanafunzi wengi wamejiandaa. Python hugoma, JavaScript hujibu Infinity. Angalia tu kwamba jibu hilo la ajabu halimfikii mtumiaji, kisha endelea.

Mpangilio wa hesabu ndio unaohitaji jicho kali. Sote tulikariri MAGAZIJUTO shule ya msingi: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Muulize mwanafunzi kama kikokotoo chake kinaufuata, kisha kipe hesabu ya duka: 2 × 3000 + 3 × 2500, yaani kilo mbili za kitu kimoja na kilo tatu za kingine. Jibu ni 13,500. Vikokotoo vidogo vya bei nafuu, na programu nyingi za wanaoanza, hufanya kila hatua inapofika: 6,000 kujumlisha 3, mara 2,500, zikawa 15,007,500. Njia hiyo ya kwenda hatua kwa hatua yenyewe haina ubaya, mradi mwandishi ameichagua akijua, na kioo kinaonyesha jumla ndogo baada ya kila kitufe ili mtumiaji aone kinachoendelea. Ubaya ni kumwachia mtu aandike mstari mzima kisha kuusoma kinyume na alivyofundishwa.

Lakini kuna mtego wa ndani zaidi, na huwanasa wanafunzi hodari. Wanaifuata MAGAZIJUTO neno kwa neno: wanatafuta alama zote za kujumlisha kwanza, wanazimaliza, ndipo wanaanza kutoa. Wape 10000 − 3000 + 2000. Mteja alikuwa na deni la elfu kumi, akalipa elfu tatu, akakopa tena elfu mbili. Anadaiwa 9,000. Programu iliyofuata neno kwa neno hujumlisha 3,000 na 2,000 kwanza, ikapata 5,000, ikazitoa kwenye 10,000, na mwenye duka amepoteza 4,000. Ukweli ni kwamba kujumlisha na kutoa vina daraja moja, vinafanywa kutoka kushoto kwenda kulia, na vivyo hivyo kugawanya na kuzidisha. Kugawanya kwanza hakuharibu kitu kwa sababu 3 × 8 ÷ 4 ni 6 kwa njia zote mbili. Mwandishi akitumia mgawanyo unaotupa baki, hata hapo huharibika: 3 × 7 ÷ 2 huwa 10 ukienda kushoto kwenda kulia, na 9 ukianza na kugawanya. Kikokotoo kinachojibu 9,000 kwenye deni lile kimeandikwa na mtu aliyejiuliza kanuni inatoka wapi. Mpe alama za juu.

Wapo watakaokuletea programu ya mstari mmoja inayofanya yote haya bila jasho. Ndani yake utakuta neno eval. Amri hiyo huichukua sentensi ya mtumiaji na kuiendesha kama programu ya Python. Mpangilio wa hesabu unapatikana bure, mabano yanapatikana bure. Ila mtumiaji naye amekabidhiwa simu nzima: akiandika amri ya kufuta faili, itafuta. Na koma yetu inarudi kwa sura nyingine, kwa maana 1,500 + 500 humjibu (1, 1000), vitu viwili badala ya kimoja. Mimi huirudisha programu ya namna hiyo hata kama inapata majibu yote ya darasani. Aliyeiandika hajakokotoa chochote bado.

Sasa desimali. Andika 0.1 + 0.2. Ukiona 0.30000000000000004, usidhani simu imeharibika. Kompyuta huhifadhi namba kwa 0 na 1, na katika mfumo huo sehemu moja ya kumi haiishi, kama vile theluthi isivyoisha katika desimali zetu. Inakatwa mahali fulani, na kinachokatwa hubaki deni. Kwa kawaida deni hilo ni dogo mno, lakini hukua likiachwa. Tarehe 25 Februari 1991, huko Dhahran, Saudi Arabia, mtambo wa makombora ya Patriot ulikuwa umewaka kwa saa zipatazo 100 ukihesabu muda kwa sehemu za kumi za sekunde. Tofauti ilikuwa imefika kama theluthi moja ya sekunde. Ulitazama mahali pasipo sahihi, kombora la Scud likapita, na wanajeshi 28 wa Marekani walikufa.

Mwanafunzi wa kawaida hulificha tatizo hili kwa kukata tarakimu za mwisho kwenye kioo. Hapo ndipo pa kumbana. Mwambie ageuze kilo 4.35 kuwa sehemu za mia kwa kuzidisha na 100 kisha kuchukua namba nzima. Python itampa 434, kwa kuwa ndani yake ilikuwa 434.99999999999994. Mwandishi mzuri hukwepa mtego kabla haujafika. Kwa pesa zetu ni rahisi, kwa sababu senti hazitumiki tena: shilingi zihesabiwe kama namba nzima, na uzito uhifadhiwe kwa gramu. Kilo 37.4 zinakuwa gramu 37,400, kwa bei ya 6,500 kwa kilo ni 243,100, na hakuna tarakimu iliyopotea. Anayehitaji desimali kwa lazima atumie Decimal iliyomo ndani ya Python, akiipa namba kama maandishi.

Kukadiria nako kuna siri yake. Amri ya round katika Python huigeuza 2.5 kuwa 2, na 3.5 kuwa 4, kwa sababu nusu hupelekwa kwenye namba shufwa iliyo karibu. Ni kanuni halali, lakini si ile tuliyofundishwa, kwa hiyo mwandishi aijue na aichague. Kuhusu kukadiria hadi shilingi 50 ili chenji ipatikane, napenda programu ionyeshe jumla kamili, wenye biashara waamue wenyewe.

Kitufe cha asilimia nakijaribu kwa VAT ya 18%. Bidhaa iliyouzwa 11,800 pamoja na VAT ina kodi ya 1,800. Anayechukua 18% ya 11,800 atapata 2,124, na hapo si programu iliyokosea, ni aliyeiandika ambaye hakuuliza asilimia ya nini.

Jaribio langu la mwisho ni la kwenda na kurudi: zidisha kisha gawanya, ongeza kisha punguza, utazame kama umerudi ulikoanzia. Hata mabingwa walianguka hapa. HP-35 ya mwaka 1972, kikokotoo cha kwanza cha kisayansi cha mfukoni, ukiitumia kutafuta logi asilia ya 2.02 kisha kurudi kwenye namba yenyewe, ilikupa 2. Hewlett-Packard iliwaarifu wanunuzi na kujitolea kuwabadilishia.

Nchi yetu nayo ililipa ada yake mapema. Wizara ya Fedha ilipata kompyuta mwaka 1965, aina ya ICT 1500. Kuhamishia hesabu za serikali kwenye mashine hakukwenda vizuri, na mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Vijana waliokuja baadaye walichelewa kuzigusa. Naukumbuka mwaka huo kila ninaposikia mtu akisema hesabu za programu za wanafunzi ni mchezo tu.

Kuhusu sura ya kikokotoo sina mengi. Vitufe vya rangi na vivuli havinipi wala kuninyima alama. Namba ziwe kubwa za kusomeka juani, koma ziwekwe kwenye jibu, na programu ifanye kazi bila intaneti, kwani huko mashambani mtandao hauna uhakika. Asiye na kompyuta asijione ameachwa nyuma. Python huandikwa vizuri kwenye simu janja kwa programu kama Pydroid 3, na nisomapo kazi siulizi iliandikwa kwa kifaa gani.

Walimu wa Dongobesh, Haydom, Katesh na kwingineko, nawaomba jambo moja: mwanafunzi akileta kikokotoo, mwambieni alete pamoja nacho karatasi ya majaribio yake, ameingiza nini, alitarajia nini, amepata nini. Mpeni nusu ya alama kwa karatasi hiyo. Na lile deni la 10000 − 3000 + 2000 lisikosekane ndani yake.